Taslimu, namba binafsi, Lipa Namba au mashine ya kadi: duka dogo lipokee malipo kwa njia ipi?

"Una Lipa Namba?" Muuza duka wa rejareja nchini Tanzania huulizwa swali hili, yaani kama ana namba ya biashara ya kupokelea malipo kwa simu, mara nyingi kwa siku, na asiyekuwa nayo hulazimika kuchagua papo hapo kati ya kumtajia mteja namba yake binafsi ya simu, kumwelekeza kwa wakala aliye jirani akatoe fedha, au kumwacha aende zake. Mwenye nayo naye hana amani kamili, kwa sababu kila jioni anaona makato kwenye salio lake na kujiuliza kama asingekuwa na hali bora zaidi angebaki na noti na sarafu zake.

Makala hii inalinganisha njia nne ambazo mfanyabiashara mdogo anaweza kuzitumia kupokea malipo: fedha taslimu, namba binafsi ya simu, Lipa Namba ya biashara, na mashine ya kadi ya benki. Nimekusudia hasa mwenye duka la mtaa, genge, saluni, duka la dawa, kibanda cha mama lishe au karakana ya fundi, yaani mtu ambaye makosa ya shilingi elfu mbili kwa siku yanaonekana mwisho wa mwezi.

Vigezo vya kupimia

Kigezo cha kwanza ni gharama yote, tangu mteja anapolipa hadi fedha ile inapotumika tena. Watu wengi hupima makato ya kupokea peke yake, wakasahau ada ya kutoa kwa wakala, nauli ya kwenda benki na chenji inayopotea. Cha pili ni kasi na uhakika wakati wateja wamepanga foleni. Cha tatu ni usalama dhidi ya wizi na utapeli. Cha nne ni kumbukumbu, yaani kama njia hiyo inakuachia maandishi ya kile ulichouza bila wewe kukaa chini na daftari. Cha tano, ambacho kwangu ndicho kizito kuliko vyote ingawa hakizungumzwi sana, ni safari ya fedha baada ya kukufikia: msambazaji wako, mwenye fremu na msaidizi wako wa dukani hulipwa kwa njia gani? Shilingi iliyoingia kwa simu ikatoka kwa simu kwenda kununua mzigo haipiti kwa wakala, kwa hiyo haikatwi ada ya kutoa. Shilingi iliyoingia kwa simu kisha ikatolewa taslimu ili kulipia gunia la vitunguu imelipiwa mara mbili.

Kabla ya kuangalia njia yenyewe, fanya hesabu ndogo ya faida yako. Tuchukulie duka linalouza bidhaa za 150,000 kwa siku na kubakiwa na faida ya asilimia 10, yaani 15,000. Makato ya jumla ya asilimia 1 kwenye mauzo yote ni 1,500, ambayo ni sehemu ya kumi ya faida nzima ya siku. Saluni inayopokea 150,000 hiyohiyo, huku gharama zake za vifaa zikiwa ndogo na faida ikiwa 90,000, italipa 1,500 ileile na isihisi sana. Ndiyo maana ushauri wa rafiki mwenye saluni unaweza kumuumiza rafiki mwenye duka la soda na unga, ingawa wote wawili wanasema kweli.

Fedha taslimu

Gharama ya taslimu haionekani kwenye ujumbe wowote wa simu, na ndiyo sababu inadhaniwa kuwa haipo. Ipo. Ipo kwenye muda wa kutafuta chenji kwa jirani, kwenye pipi anazopewa mteja badala ya sarafu, kwenye noti bandia inayopokelewa jioni taa ikiwa hafifu, na kwenye safari ya kupeleka mauzo benki. Hata hivyo, kwa muuza genge anayenunua nyanya sokoni alfajiri kwa taslimu na kuziuza kwa mafungu ya shilingi mia tano, gharama hizo mara nyingi ni ndogo kuliko makato ya njia nyingine yoyote. Fedha yake inazunguka siku hiyohiyo, na mtu anayeuza na kununua kwa noti hana haja ya kumlipa yeyote kwa kuzibadilisha.

Kwa kasi, taslimu haina mpinzani pale bei ikiwa ndogo na kamili. Haitegemei mtandao, chaji ya simu wala umeme. Udhaifu wake mkubwa uko kwenye usalama, kwa kuwa droo yenye mauzo ya siku tatu ni mwaliko kwa mwizi, na uko pia kwenye kumbukumbu. Noti haisemi imetoka wapi wala ni ya nini. Mwenye duka anayechota kwenye droo nauli ya mtoto, kisha mchango wa msiba, kisha kilo ya sukari ya nyumbani, hufika mwisho wa mwezi akijua kwamba ameuza sana lakini hajui mtaji umeyeyukia wapi. Daftari linatibu tatizo hili kikamilifu, ila liandikwe kila siku, na wanaoliandika kila siku ni wachache.

Njia hii inawafaa wauzaji wa bidhaa za bei ndogo, wanaonunua mzigo kwa taslimu, na walio katika maeneo ambayo mtandao hukatika mara kwa mara.

Namba binafsi ya simu

Hii ndiyo njia ambayo wengi waliingia bila kuichagua. M-Pesa ilianza nchini Kenya mwaka 2007 na kufika Tanzania mwaka 2008, ikiwa huduma ya mtu kumtumia mtu mwingine fedha, na wenye maduka waliigeuza kuwa njia ya kulipwa muda mrefu kabla ya kuwepo utaratibu maalumu wa biashara. Mteja anatuma kama anavyomtumia ndugu yake. Hakuna usajili mwingine, hakuna karatasi ya kujaza, na fedha iko mikononi mwako mara moja.

Gharama hapa inamwangukia kwanza mteja, anayelipa ada ya kutuma, na halafu wewe, unayelipa ada ya kutoa. Mteja anayenunua mkate na maziwa hatakubali ada hiyo kila siku, naye atakuomba umpunguzie bei au atahamia duka lenye Lipa Namba. Julai 2021, serikali ilipoweka tozo ya miamala iliyoanzia shilingi 10 na kufika hadi 10,000 kulingana na kiasi kinachotumwa au kutolewa, watu walilalamika kote nchini, na tozo hiyo ilipunguzwa kwa asilimia 30 Septemba mwaka huohuo, kisha ikapunguzwa tena baadaye. Kwa mwenye duka, funzo la kipindi kile ni kwamba anayepokea kwa njia ya kutumiana huwa amebebwa ndani ya sheria na ada zilizowekwa kwa ajili ya kutumiana, na zikibadilika yeye hubadilishiwa bila kuulizwa.

Upande wa usalama ndio unaonitia wasiwasi zaidi. Mtumaji anaweza kuipigia kampuni yake ya simu, akadai amekosea namba na kuomba muamala urudishwe, huku bidhaa ameshaondoka nayo. Tapeli anaweza kutuma ujumbe wa kawaida wa maneno uliopambwa ufanane na ujumbe wa malipo, na msaidizi wa dukani asiyeweza kuona salio akauamini. Jambo hili linazaa swali jingine: ukiwa safarini, msaidizi wako atathibitishaje malipo? Wapo wanaomwachia simu pamoja na namba ya siri, na hapo wamemkabidhi akiba yote ya familia. Wapo wanaomruhusu apokee kwa namba yake mwenyewe, na hapo mauzo ya duka yamekuwa mali iliyoandikwa jina la mtu mwingine.

Kuna jambo dogo linalosahaulika. Ikiwa namba yako ina deni la mkopo wa dharura wa simu kama Songesha, fedha inayoingia huanza kulipa deni hilo yenyewe. Mteja amelipia gesi, wewe umeona salio halikupanda kama ulivyotarajia, na kesho msambazaji wa gesi anataka fedha zake kamili. Biashara na nyumba vikikaa kwenye namba moja, deni la nyumba hulipwa na mtaji wa duka.

Kumbukumbu zipo, lakini zimechanganyika. Taarifa ya miamala itaonyesha malipo ya mteja, hela ya kikoba, zawadi ya mjomba na ada ya shule katika orodha moja, na kuzitenganisha baada ya miezi sita ni kazi ngumu.

Kwa yote hayo, namba binafsi ina watu wake. Fundi cherehani anayepokea malipo kumi kwa mwezi kutoka kwa wateja anaowafahamu, au mtu anayejaribu biashara kwa wiki chache kabla ya kuirasimisha, hana sababu ya kuharakisha usajili. Nchini Kenya kundi hili limewekewa njia ya kati inayoitwa Pochi la Biashara, ambapo mfanyabiashara hupokea malipo kwa namba yake ya kawaida ya simu lakini fedha hukaa katika mfuko uliotengwa na ule wa binafsi. Msomaji aliye Mombasa au Kisumu ana chaguo hilo la ziada. Aliye Tanzania anaweza kupata sehemu ya faida yake kwa kusajili laini ya pili kwa jina lake mwenyewe na kuitumia kwa biashara tu.

Lipa Namba ya biashara

Lipa Namba ni akaunti ya kupokelea malipo inayosajiliwa kwa jina la biashara. Mteja hufungua menyu ya mtandao wake, kwa mfano *150*00# kwa M-Pesa au *150*60# kwa Airtel Money, huchagua kulipa, huingiza namba iliyobandikwa ukutani na kuona jina la duka kabla ya kuthibitisha. Simu ya kitochi inatosha, kwa kuwa menyu hiyo haihitaji intaneti. Mwenye simu janja anaweza kuskani msimbo wa QR uliochapishwa kwenye bango, na Benki Kuu ya Tanzania imeweka kiwango cha pamoja cha misimbo hiyo kiitwacho TANQR ili duka lisilazimike kubandika mabango ya kila kampuni. Mteja wa mtandao mmoja siku hizi anaweza kulipa kwenye Lipa Namba ya mtandao mwingine, hivyo ile desturi ya kaunta yenye kadi nne za rangi nne haina ulazima tena.

Gharama hutofautiana kati ya kampuni na kampuni, na kati ya malipo ya ndani ya mtandao na yale yanayotoka mtandao mwingine. Kabla ya kusaini fomu, uliza mambo matatu na udai majibu kwa maandishi: nani anakatwa mteja anapolipa, ninakatwa kiasi gani ninapotoa kwa wakala, na ninakatwa kiasi gani ninapohamishia benki au kumlipa msambazaji mwenye Lipa Namba yake. Swali la tatu ndilo linaloamua. Wenye maduka ya jumla na wasambazaji wa vinywaji wengi sasa wanapokea kwa simu, na duka linaloweza kulipia kreti za soda moja kwa moja kutoka kwenye salio lake huikwepa ada ya wakala karibu yote.

Kwa kasi, Lipa Namba iko nyuma ya noti ya elfu moja, lakini inaishinda noti ya elfu kumi inayodai chenji ya 8,700. Mtandao ukiyumba, foleni husimama, na kumwachia mteja aondoke kwa ahadi ya "ujumbe utakuja" ni kosa linaloligharimu duka. Kanuni iwe moja kwa kila mtu, hata jirani: bidhaa inakabidhiwa baada ya uthibitisho kuonekana kwenye akaunti ya duka, si kwenye simu ya mteja. Uliza pia kama kampuni inaruhusu namba ya msaidizi iongezwe ili apokee ujumbe wa uthibitisho bila kuwa na uwezo wa kutoa fedha, kwa sababu hapo ndipo tatizo la namba ya siri linapokwisha. Namba zinazotumika kutapeli ziripotiwe kupitia 15040, na usione ni usumbufu, kwani tapeli aliyekukosa wewe yuko njiani kwenda duka la pili.

Kuhusu kumbukumbu, njia hii ina uzito kuliko zote kwa mfanyabiashara mdogo, na hapa nataka kukaa kidogo kwa sababu ndipo penye hofu. Wengi hukataa Lipa Namba kwa kuamini kwamba kila muamala unaoandikwa ni njia ya kuongezewa kodi. Hofu hiyo naielewa, lakini tazama hesabu. Katika jedwali la kodi ya makadirio kwa wafanyabiashara binafsi, mwenye mauzo yasiyozidi shilingi milioni 4 kwa mwaka hatozwi kodi hiyo. Kati ya milioni 4 na 7, asiye na kumbukumbu hulipa 100,000 bila kujali ameuza kiasi gani ndani ya daraja hilo, ilhali mwenye kumbukumbu hulipa asilimia 3 ya kile kinachozidi milioni 4. Aliyeuza milioni 5 atalipa 100,000 akiwa hana maandishi, au 30,000 akiwa nayo. Kati ya milioni 7 na 11, asiye na kumbukumbu hulipa 250,000, na mwenye nazo hulipa 90,000 pamoja na asilimia 3 ya kinachozidi milioni 7. Aliyeuza milioni 9 basi hulipa 150,000. Viwango hivi hurekebishwa na Sheria ya Fedha, kwa hiyo thibitisha vya mwaka husika katika ofisi ya Mamlaka ya Mapato Tanzania (TRA) iliyo karibu nawe, lakini mpangilio wake uko wazi: katika madaraja haya ya chini asiyeandika ndiye anayelipa zaidi.

Tahadhari moja ni ya lazima. Taarifa ya Lipa Namba inaonyesha mauzo, haionyeshi faida, wala haionyeshi yale uliyouza kwa taslimu. Daftari la manunuzi na matumizi bado linahitajika. Kadhalika, ujumbe wa malipo si risiti ya EFD, yaani ile inayotolewa na mashine ya kielektroniki ya kodi, na mfanyabiashara anayetakiwa kisheria kutoa risiti hiyo lazima aitoe hata mteja akilipa kwa simu.

Njia hii inalifaa duka lenye wateja wengi wasiofahamiana na mwenye duka, lenye msaidizi wa kuajiriwa, lenye wasambazaji wanaopokea kwa simu, au lenye mpango wa kuomba mkopo, kwa kuwa mkopeshaji huangalia mtiririko wa miamala kabla ya kuangalia maneno. Haimfai sana mwenye faida nyembamba anayelazimika kutoa kila shilingi kwa wakala.

Mashine ya kadi ya benki

Hapa sitakawia, kwa kuwa swali ni jembamba: wateja wako wana kadi na wanataka kuitumia? Duka la vinyago na viungo Mji Mkongwe Zanzibar, nyumba ya wageni Moshi inayopokea wapanda Kilimanjaro, au duka la dawa karibu na ofisi kubwa jijini Dodoma, linaweza kukosa mauzo makubwa kwa kukosa mashine. Benki hukata asilimia ya kila malipo, fedha inaweza isiingie kwenye akaunti mara moja, na mashine inahitaji chaji pamoja na mtandao. Kwa usalama iko imara dhidi ya ujumbe bandia na wizi wa droo, ingawa mwenye kadi anaweza kulalamika benki kwake na malipo yakapingwa, jambo linalodai utunze nakala za stakabadhi. Kumbukumbu zake ni safi na zinakubalika benki bila maelezo. Safari ya fedha, hata hivyo, huishia benki, na kama mzigo wako unanunuliwa sokoni kwa noti utakuwa na safari ya kwenda kuzitoa.

Kwa duka la mtaa linalouza unga na sabuni, mashine hii ni gharama isiyo na mteja. Kwa biashara inayouza kwa wageni, kuikosa ndiyo gharama.

Ukiwa katika hali hii, anzia hapa

Ukiuza vitu vya chini ya elfu mbili na kununua mzigo kwa taslimu, baki na taslimu, weka chenji ya kutosha tangu asubuhi, na anza na daftari. Sajili Lipa Namba ikiwa wateja wanaondoka bila kununua kwa sababu huna, na wahesabu kwa wiki mbili kabla ya kuamua. Wawili kwa wiki ni tofauti na wawili kwa saa.

Ukiwa na msaidizi dukani na wewe hushindi hapo, achana na namba binafsi mapema iwezekanavyo, iwe yako au yake. Lipa Namba yenye namba ya msaidizi isiyoweza kutoa fedha itakulinda wewe, na itamlinda yeye pia dhidi ya tuhuma pale hesabu zisipolingana.

Ukiwa unatoa huduma, kama saluni, karakana au ushonaji, ambako mteja hulipa kiasi kikubwa kwa mara moja na vifaa havili sehemu kubwa ya mapato, makato ya Lipa Namba yatavumilika. Kama wateja ni wachache na unawafahamu, laini ya pili inayotumika kwa kazi tu inatosha kwa kuanzia.

Ukiwa na duka la rejareja lenye faida nyembamba, usichague njia moja. Pokea kwa simu kiasi kinacholingana na kile utakachowalipa wasambazaji kwa simu, na mauzo yanayobaki yaende kwa taslimu. Kama wiki hii utalipia soda na maji 400,000 kwa simu, basi malipo ya simu ya hadi kiasi hicho hayakuletei ada ya wakala. Yanayozidi hapo ndiyo ya kuyafikiria.

Ukiuza kwa watalii au kwa watumishi wanaotembea na kadi, zungumza na benki zaidi ya moja kuhusu asilimia wanayokata na siku ambazo fedha hukaa kabla ya kuingia, na uwe pia na Lipa Namba kwa ajili ya siku ambayo mashine itagoma.

Na ukiwa tayari na Lipa Namba lakini makato yanakuumiza, usiifunge kwanza. Chukua taarifa ya mwezi mmoja, tenganisha makato ya kupokea na makato ya kutoa kwa wakala, kisha mpigie simu msambazaji wako mkubwa umuulize kama na yeye anayo.